Hezi za Nahodha Gyu-tae

Kwa miaka sita mfululizo Im Gyu-tae hakuwahi kushindwa kwa kosa lake mwenyewe. Msimu wa kwanza kosa lilikuwa la kiti, eti kilimbana kiuno. Wa pili likawa la kipanya. Wa tatu kibodi, wa nne intaneti ya jengo, wa tano baridi ya vidole, mpaka mchumba wake akamnunulia glavu zilizokatwa ncha. Baridi ikaisha, kushindwa kukaendelea. Msimu wa sita alikuwa ameshaoa, na kosa likahamia kwenye skrini.

Alikuwa nahodha wa Nyuki wa Bucheon, timu ya watu watano waliocheza gemu iitwayo Ngome Tano katika ligi ya watu wazima ya mji wao, watu wenye kazi, mikopo ya nyumba na vitambi. Kwenye ofisi ya bima alikofanya kazi miaka kumi na minne, hakukuwa na mtu chini yake wa kumtuma hata maji. Nyumbani mkewe Bo-yeong alimzidi mshahara na akili, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Lakini kila Jumamosi saa nane mchana watu wanne walivaa visikizi vyao, kila mmoja kwake, wakamwita "kaka nahodha", na kwa neno hilo aliweza kuishi mpaka Jumamosi nyingine. Hakuwa na kingine cha kujivunia, na mtu akiwa na kimoja tu hukishika kwa meno.

Unahodha huo hakuupata kwa kupiga shabaha. Aliupata kwa kuzaliwa mapema. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, wengine wote walikuwa wadogo zake, na kwao mtu hashindani na mkubwa wake kwa jambo ambalo mkubwa amelikalia. Sasa mwaka huu ligi ikaleta sheria mpya: nahodha apigiwe kura na wachezaji wote, fomu isainiwe kabla ya mwisho wa Machi. Gyu-tae aliisoma sheria hiyo akacheka. Kisha usiku ule ule Chan-mi, binti wa duka la miwani, mdogo kuliko wote, akaandika kwenye kundi lao la simu: "Naomba kuuliza tu. Kama mtu angetaka kumpendekeza kaka Sang-uk, inaruhusiwa?" Akamalizia na picha ya sungura anayetabasamu.

Sungura yule alimnyima Gyu-tae usingizi siku mbili.

Pyo Sang-uk alikuwa fundi wa lifti, miaka thelathini na minane, mpole wa kuudhi. Kila mechi aliua zaidi ya wenzake wote, na kila mechi ikiisha alisema, "Bahati tu." Na hayo yote aliyafanya mbele ya runinga. Runinga! Ya kununua mkononi mwa mtu, iliyowekwa juu ya boksi la viazi vitamu, ikibadilisha picha mara mia moja na ishirini kwa sekunde na si zaidi. Hezi mia na ishirini, kama mtu wa mapangoni.

"Runinga ni fanicha," Gyu-tae alipenda kusema, na alisema kwenye kundi la simu, kwenye majukwaa ya mtandaoni, kwenye foleni ya supu. "Ni chombo cha watu wanaosubiri taarifa ya habari. Mchezaji anayecheza kwenye tivii anaona mambo yakiwa yameshapita. Mimi naona yanapotokea."

Skrini yake yeye ilikuwa ya kompyuta, ya gemu hasa, inchi arobaini na nane, hezi mia mbili na arobaini. Na namna alivyoipata ni aibu ya peke yake, tena inafaa isimuliwe.

Kwao, nyumba hutafutwa na upande wa bwana harusi, vyombo vya ndani huletwa na upande wa bibi. Mama mkwe wake, Bi Kwak Sun-ok, anauza vitoweo sokoni Jeonju, na kwa miaka thelathini ameloweka figili mpaka vidole vyake vimepauka. Alikuwa ameazimia kitu kimoja: binti yake aingie kwenye nyumba yenye runinga kubwa, kwa sababu nyumba isiyo na runinga, alivyosema yeye, ni stoo. Gyu-tae akamfuata hadi kibandani na picha kwenye simu.

"Mama, hii ndiyo tivii ya kizazi kipya. Picha inabadilika mara mia mbili na arobaini kwa sekunde moja."

"Kwa nini ibadilike hivyo? Ina ugonjwa?"

"Ndiyo ubora wenyewe, mama."

"Haya, mkwe wangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Akailipia. Ilipofika, haikuwa na mahali pa kuchomeka waya wa antena, wala chaneli hata moja. Sikukuu ya kwanza Bi Kwak alipokuja kutembea, alitazama waimbaji wake kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya sosi ya soya, na kile kioo alichokilipia kikawa kimesimama sebuleni, cheusi, kikimtazama. Mama mkwe akinyamaza, ogopa.

Gyu-tae aliiweka juu ya meza pale pale sebuleni akaikalia umbali wa mkono mmoja, hata akawa anageuza shingo ili aone pembe za picha. Lakini hakuridhika. Skrini za aina ile kila nukta hutoa mwanga wake, na picha ikiganda mahali pamoja siku nyingi huunguza kioo na kuacha kovu. Waliozitengeneza wanalijua hilo, kwa hiyo wamezipa akili kidogo: zikiona picha imetulia mno, zinajififiza, na kila baada ya saa chache zinaomba ruhusa zijisafishe. Gyu-tae aliona huo ni wizi. Mwanga wake, maadui wake, halafu mashine imfifizie? Akaenda mpaka soko la vifaa vya umeme la Yongsan, akanunua kwa mtu wa kichochoroni rimoti ya mafundi, ile inayofungua menyu iliyofichwa, akazima kila kilichoitwa ulinzi. Ilipoomba kujisafisha alibonyeza "hapana". Alibonyeza "hapana" mwaka mzima na nusu.

Basi baada ya sungura yule, Gyu-tae akapata wazo ambalo aliliona la kijemedari. Tangu waoane, yeye na Bo-yeong hawakuwahi kuwaalika watu kuikaribisha nyumba. Sasa atawaalika. Watakula, watainywea nyumba, watapiga kura hapo hapo sebuleni mbele ya skrini, na kabla ya kura watajionea wenyewe. Akaandika kwenye kundi: "Sang-uk, njoo na tivii yako. Tuziweke bega kwa bega. Watu waone kwa macho yao, halafu tuamue nani anafaa kuongoza."

Sang-uk akajibu: "Sawa kaka. Ila ni nzito kidogo."

"Una hakika?" Bo-yeong alimuuliza asubuhi ya siku yenyewe, akikatakata vitunguu vya majani.

"Na nini?"

"Na kuwaonyesha."

"Wewe subiri tu. Leo watajua tofauti ya nahodha na fundi wa lifti."

Bo-yeong akatazama vitunguu vyake. Alimpenda mume huyu, na ndiyo maana alikuwa amechoka.

Walifika saa nane. Chan-mi na furushi la karatasi za chooni, roli thelathini, ili, kwa desturi yao, mambo ya nyumba hiyo yakunjuke na kwenda bila kukwama. Deok-hwan na Ho-rim, marafiki wawili ambao hawajawahi kupingana na mtu yeyote wala wao kwa wao, walileta sabuni ya kufulia, ili mali ifure kama povu, kila mmoja kopo lake, aina moja. Mwisho akaingia Sang-uk, jasho tele, runinga mgongoni imeviringishwa kwenye blanketi kama mgonjwa.

"Ulipanda ngazi?" Gyu-tae akauliza. "Lifti si nzima?"

"Nzima, kaka. Runinga haikuingia vizuri, nikaogopa kuikwaruza. Lifti, sio runinga."

Ghorofa ya kumi na moja. Chan-mi akamletea maji kabla mwenye nyumba hajakumbuka.

Na nyuma ya Sang-uk, na ndoo ya kimchi, zile figili zake za kulowekwa, kila mkono, akaingia Bi Kwak mwenyewe. Binti yake alimwambia kuna ugeni, na yeye hajawahi kusikia ugeni wa Bo-yeong akabaki Jeonju. Vijana wote waliinuka wakainama hadi kiunoni. Akawapokea, akakaa sakafuni kwenye mto mzuri kuliko yote, akaangalia saa.

Walikula kwanza. Tambi za mchuzi mweusi, nyama ya kukaanga yenye mchuzi mtamu, na ile kimchi iliyowafanya Deok-hwan na Ho-rim waseme "aisee" kwa pamoja. Runinga ya Sang-uk ikawekwa juu ya kreti kando ya skrini ya Gyu-tae, zikalingana ukubwa, na Gyu-tae akasimama katikati akiwa na kijiti cha kulia mkononi, mwalimu kamili.

"Tazameni mwendo. Hapa kwangu, askari anakimbia. Hapa kwa Sang-uk, askari... anakimbia, ndiyo, lakini tazameni miguu."

Wakatazama miguu.

"Mnaona ukungu pale kwenye visigino?"

"Kweli, kaka," alisema Deok-hwan.

"Kweli kabisa," alisema Ho-rim.

"Mimi kazi yangu ni kupima macho," alisema Chan-mi, "na sioni tofauti, kaka. Labda mnisamehe."

"Hujazoea. Jicho hufundishwa." Gyu-tae akamgeukia Sang-uk. "Na wewe, sema kweli, hujawahi kupigwa ukajiona umechelewa?"

"Nimewahi, kaka. Ila ni mimi nilichelewa."

Hilo ndilo lililokuwa likimuudhi kwa Sang-uk. Humpi ubishi ukapata ubishi. Hata hivyo Gyu-tae aliona mambo yanamnyookea: wawili wamekubali, mmoja hajui, mmoja hana neno. Alijisikia mkubwa, akajisikia vizuri. Hakujua kwamba muda wote huo alikuwa anavikwa kilemba cha ukoka, na kwamba waliomvika walikuwa wameshazoea kukisuka.

"Jamani," Bi Kwak akasema, "imefika saa tisa. Hiki cha huyu kijana kina chaneli?"

"Kinazo, mama," Sang-uk akajibu, na kwa dakika moja alikuwa ameshachomeka waya wa antena uliokaa ukutani bila kazi tangu nyumba ilipojengwa. Likatokea shindano la nyimbo za kizamani, lile linalowaliza akina mama wa nchi nzima. Bi Kwak akapiga makofi. "Tazama! Tazama sasa! Hii ndiyo runinga!"

Neno hilo lilimchoma Gyu-tae pabaya. Angenyamaza tu, siku ingekwisha salama. Angemwacha mama wa watu atazame nyimbo zake, fomu ikasainiwa, kila mtu akaenda kwao. Lakini mwenye kiburi hana breki.

"Mama, usiangalie hiyo. Ngoja nikuwekee kwenye ya kwako, ile uliyotununulia. Kwa kompyuta inakuja. Leo ndio utajua ulitoa zawadi gani."

"Kumbe inawezekana?" Bi Kwak akamgeukia polepole. "Mwaka mzima na nusu ilikuwa inawezekana?"

Gyu-tae alijifanya hakusikia. Akabonyeza, akafungua, akapanua, na kipindi kile kile kikajaa kwenye skrini yake. Na wakati huo huo akapanda jukwaani kijana kipenzi cha Bi Kwak, suti nyeupe, viatu vyeupe, nyuma yake pazia jeupe lililoshuka kutoka juu hadi chini.

Inafaa ijulikane kwamba Ngome Tano ni gemu ya giza. Mapango, misitu, usiku usioisha. Mwaka mzima na nusu skrini ile haikuwahi kuonyeshwa kitu cheupe kilichoijaza namna hiyo, ila mara moja.

Kwenye runinga ya Sang-uk kijana aliimba, safi, mweupe kama wali. Kwenye skrini ya Gyu-tae aliimba vile vile, lakini kifuani mwake, kutoka bega hadi bega na kuendelea kwenye pazia pande zote mbili, yalisimama maandishi makubwa ya kivuli:

UMEUAWA. SUBIRI.

Kamera ikasogea, kijana akaenda kushoto, maandishi yakabaki pale pale. Kamera ikaonyesha waamuzi, ikaonyesha watazamaji, ikarudi kwenye pazia. UMEUAWA. SUBIRI. Chini yake kulikuwa na orodha ya majina matano, yale yanayotokea mchezaji akiuawa, wakati anangoja kurudishwa uwanjani. Manne yalikuwa hafifu. La tano, lenye kisanduku kuzunguka, lilisomeka bila miwani: NAHODHA GYU. Kando yake, mahali pa hesabu ya vifo, tarakimu zilikuwa zimepandiana juu kwa juu mwaka mzima mpaka zikawa doa jeusi.

Hakuna aliyetafuna.

"Nani kauawa?" Bi Kwak akauliza.

"Ni... ni kivuli, mama," Gyu-tae akasema. "Kivuli cha pazia la dirishani."

"Kivuli kinajua kusoma na kuandika?"

"Nilikuuliza Februari," Bo-yeong akasema kutoka mlango wa jikoni, kwa sauti ya kawaida tu. "Nilipokuwa naangalia michezo ya kuteleza kwenye barafu. Nikakuuliza haya maandishi ni nini. Ukaniambia pazia."

Gyu-tae akavuta pazia. Chumba kikawa na giza kidogo, na maandishi yakaonekana vizuri zaidi. Akalirudisha. Akabonyeza vitufe vya skrini, akaipangusa kwa mkono wa shati. Kijana wa suti nyeupe alikuwa amefika kwenye kiitikio, akiimba kwa macho yaliyofumbwa, na kwa kila neno la mapenzi alikuwa ameuawa na anasubiri.

"Ni kasoro ya kiwanda," Gyu-tae akasema. "Nitawaandikia. Watanibadilishia."

Sang-uk akakohoa. "Kaka, samahani. Ule ulinzi wake, ule wa kujififiza... uliuzima?"

"Niliuzima ili nione maadui!"

"Sasa umewaona?" Bi Kwak akauliza. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua tu.

Ho-rim, ambaye hakuwa na ubaya wala breki, alikuwa anahesabu kwa vidole. "Ila hata ukiuzima, kaka... si mpaka maandishi yakae pale muda mrefu sana? Maana mtu akiuawa mara mbili tatu kwa mechi, anarudi, picha inabadilika. Ili yaunguze kioo hivi inabidi mtu awe muda mwingi..." Deok-hwan akamkanyaga mguu chini ya meza. Ilikuwa mara ya kwanza katika urafiki wao.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema kilio chenyewe kitakuwa cha inchi arobaini na nane. Gyu-tae alihisi masikio yanawaka. Akatafuta uso mmoja wa kushikilia, akamwendea mdogo kuliko wote, akidhani hapo ndipo palipo rahisi.

"Chan-mi. Wewe unacheka?"

"Sicheki, kaka."

"Basi sema. Unafikiri nini?"

Chan-mi akaweka vijiti vyake juu ya bakuli, akavinyoosha vikawa sambamba. Alikuwa ameshika mikono miwili pamoja kama mtu anayeongea na mwalimu, na aliongea kwa adabu yote aliyolelewa nayo, na hilo ndilo lililouma.

"Kaka nahodha, usijisikie vibaya. Sisi tunajua. Tunajua siku nyingi. Mipango yetu yote tunaipanga ya watu wanne. Tumeshazoea, wala haitusumbui."

"Watu wanne?"

"Kaka Sang-uk ndiye alitufundisha. Wewe ukiuawa, maadui wanakuwa wamekusanyika pale ulipoangukia, kwa hiyo tunajua walipo. Kwa kweli inasaidia."

"Chan-mi," Sang-uk akasema kwa upole.

"Ameniuliza, kaka."

Kwenye runinga watu walishangilia. Gyu-tae akakaa. Miaka sita ya Jumamosi ilimpitia kichwani: sauti zao kwenye visikizi, "vizuri, kaka", "karibu tuwaweze, kaka", "skrini ilikuangusha, kaka". Alikuwa akiamuru, nao wakisema ndiyo, halafu wakienda njia nyingine. Aliona aibu, aibu ya kweli ile isiyo na mtu wa kumtupia, na chini ya aibu aliona kitu kilichomtisha zaidi: hawakuwa wamemchukia hata kidogo. Walikuwa wamembeba.

"Tumalize la fomu," akasema. "Mwisho wa Machi ni kesho kutwa. Anayetaka Sang-uk awe nahodha, anyooshe mkono."

Hakuna mkono.

Bo-yeong alikuwa amekuja kusimama nyuma ya mama yake. Alimtazama mumewe machoni, na macho yake yalikuwa yanamwomba jambo moja, jepesi kabisa, la maneno machache. Sema wewe mwenyewe. Sema sasa. Kama angesema, "Sang-uk atuongoze," basi siku hiyo angekuwa nahodha kwa mara ya kwanza, na yeye Bo-yeong angemsimulia hivyo kwa watoto wao watakaozaliwa. Gyu-tae aliyasoma macho yale herufi kwa herufi. Kusoma alijua.

"Anayetaka niendelee mimi?"

Sang-uk alikuwa wa kwanza. Alinyoosha mkono bila haraka, uso mpole, kama anayempisha mzee kiti kwenye treni. Deok-hwan akamtazama Sang-uk, akanyoosha. Ho-rim akamtazama Deok-hwan, akanyoosha. Chan-mi akakaa kidogo, akapuliza pumzi, akanyoosha wa kwake.

"Wote!" Bi Kwak akapiga makofi. "Hongera, mkwe wangu. Kumbe wanakupenda hivi."

Fomu ilikuwa juu ya meza, kando ya bakuli la figili. Gyu-tae akaivuta, akapangusa tone la mchuzi kwenye kona. Kwa muda kalamu ilisimama juu ya mstari bila kugusa, watu wote wakiangalia pengine. Kisha akaandika jina lake mahali palipoandikwa nahodha, kwa herufi nzuri, akapiga muhuri wake wa jina. Bo-yeong aligeuka akarudi jikoni, na maji yakasikika yakifunguliwa.

Gyu-tae akarudisha kalamu mfukoni. Akaitazama runinga juu ya kreti, picha yake safi, mwimbaji akiinama kuwashukuru watu. Akaitazama muda mrefu, na taratibu mabega yake yakanyooka, rangi ikamrudia usoni.

"Sang-uk," akasema, "hivi hii tivii yako uliinunua wapi?"